Uzi wa wenye santuri na kaseti Nyanda za Juu Kusini: nani bado anageuza upande?

Baba Santuri, Soweto Mbeya

Wakuu salaam. Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe na Kyela, wageni karibuni.

Nyuzi za muziki wa zamani zipo tele, ila nyingi zinaishia watu kutupiana linki za YouTube na kulilia zilipendwa. Huu nimeufungua kwa ajili ya wale ambao nyumbani kwao bado kuna kitu kinazunguka. Santuri, kaseti, redio kaseti ya marehemu baba iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, vyote vina nafasi humu. Wenye simu tu nao wakae, kwa sharti moja: msinijie na ile ya kwamba kila kitu kipo mtandaoni. Hakipo. Na sisi wa huku tunapaswa kulijua hilo kuliko watu wa Dar.

Sababu ni njia zilizopita mizigo. Santuri za bendi zetu za Bara hazikuchapwa hapa nchini. Bendi ilirekodi RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, au ikapanda basi kwenda Nairobi, sahani zenyewe zikachapwa Nairobi, kisha zikashuka huku madukani. Mbaraka Mwinshehe ukimtafuta kwenye sahani, mara nyingi utamkuta kwenye lebo ya Polydor iliyotoka Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na mzigo wa Nairobi ukawa wa kubahatisha. Sisi tulikuwa na mlango wa pili. Reli ya TAZARA ilishakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kutoka hapa Mbeya Tunduma ni pua na mdomo. Ndiyo maana ukifungua boksi la mtu wa Dar unakuta Franco, Mbaraka na taarabu, lakini ukifungua la mzee wa Iyunga au Vwawa unaweza kukutana na vijana wa Kitwe wakipiga gitaa la kunguruma hadi spika inalia. Mimi mwenyewe za Zambia nyingi nimezipata Mwanjelwa na Sido, chini ya pasi mbovu na majagi ya blenda, na muuzaji hajui anauza nini. Ananiuliza, "Hivi hizi sahani unazifanyia nini, unapamba ukuta?"

Halafu kuna raha yenyewe. Chukua sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika nne, tano hivi, wakati rumba ya Kongo au dansi letu lilikuwa linakwenda hadi nane na kuendelea. Wakafanyaje? Upande wa A umeandikwa sehemu ya kwanza: mashairi, waimbaji wanapokezana, kisha sauti inafifia pale pale gitaa la solo linapoanza kupandisha. Unainuka, unageuza, unarudisha sindano, na upande wa B ni sebene mwanzo mwisho. Pale katikati, zile sekunde chache za kugeuza, wachezaji wamesimama wameshikana viuno wanasubiri. Kwenye simu wameziunganisha sehemu mbili, na ukitega sikio unasikia kabisa mshono. Mtu aliyezaliwa na simu anadhani ni hitilafu ya studio.

Kwenye LP, ile sahani kubwa, ni jambo jingine. Upande mmoja ni kama dakika ishirini. Huwezi kuruka wimbo bila kunyanyuka kitini, na mtu mvivu kama mimi hanyanyuki. Kwa hiyo nyimbo ambazo ningeziruka nimezisikiliza hadi nimezipenda. Nusu ya nyimbo ninazozipenda leo nimezipata kwa uvivu huo.

Haya, leteni. Una nini, inafanya kazi, fundi wako nani (bila namba za simu hapa), na sindano mnapata wapi?


Dogo wa Uyole

Shikamoo mzee. Mimi nitakuwa mbishi wa uzi, naomba radhi mapema.

Hiyo ya kugeuza nimeielewa na nimecheka. Ila tuseme ukweli, sauti yenyewe ina kelele ya kukaanga maandazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kaseti ndiyo kabisa, inashhhhh. Mkanda ukishikwa na redio wimbo umekwisha. Mimi kwa bando la wiki nasikiliza chochote, kwenye daladala, shambani, popote. Binamu yangu alinunua pleya ya sanduku mtandaoni, nzuri kwa macho, baada ya muda santuri zote zikawa zinaruka. Hii si ni gharama ya kujionyesha tu? Kitu cha kizamani kimeshakufa, tukiache kipumzike.


Fundi wa Miyomboni, Iringa

Dogo yuko sahihi kwa sehemu, na wakubwa msininunie.

Mimi ni fundi redio, nimezikuta hizi mashine nikiwa kijana wa kushika tochi dukani kwa mwalimu wangu. Kwa vipimo, CD inaipita santuri, na santuri nzuri inaipita kaseti ya kawaida. Tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa ambayo CD inaweza kubeba ni desibeli 96. Santuri hata iwe safi namna gani haifiki hapo, na kaseti ya kawaida isiyo na Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele, iko nyuma zaidi. Lou Ottens, yule Mholanzi wa Philips aliyeongoza kazi ya kutoa kaseti mwaka 1963, baadaye alishiriki kuleta CD, na CD ndiyo aliyoiona bora. Kwa hiyo anayekuambia santuri ina sauti bora kuliko vyote, mwache na imani yake. Mimi napenda santuri, lakini silazimiki kudanganya.

Ila hayo maandazi ya dogo si tabia ya santuri, ni tabia ya uchafu na sindano mbovu. Hizo pleya za sanduku nyingi zina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya seramiki, inakandamiza sahani kwa gramu tano hivi. Mkono mzuri wenye katriji ya sumaku unakandamiza kama gramu mbili. Ongeza sindano iliyokwisha ncha na vumbi la Agosti, unakuwa unalima mfereji. Ndiyo maana za binamu zinaruka.

Niongeze mawili ambayo yananiletea wateja wenye hasira. La kwanza, mashine za mitumba kutoka Japani. Kule umeme ni volti 100, hapa 230. Mtu anachomeka, moshi, kwisha. Wajanja wanaweka transfoma ya kushusha, halafu wanarudi: "Fundi, Mbaraka anaimba amelewa." Ni kwamba mota za aina fulani zinafuata mapigo ya umeme. Upande mmoja wa Japani ni hezi 60, sisi ni 50. Mashine iliyofungwa pulii ya 60 ikija hapa, ile ya mizunguko 33 inazunguka kama 28. Transfoma haiponyi hilo, unabadilisha pulii. Kujipima mwenyewe ni rahisi, weka kipande cha karatasi pembeni ya sahani na uhesabu: ikienda mizunguko 100 kwa dakika tatu uko sawa.

La pili, "fundi sauti ni ndogo na haina besi". Umechomeka pleya moja kwa moja kwenye sabufa. Santuri inachongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa sababu besi ikiachwa ilivyo mifereji inakuwa mipana na upande unajaa haraka. Lazima kuwe na kikuza sauti cha santuri cha kurudisha vitu mahali pake. Amplifaya za zamani zinacho ndani, tafuta tundu lililoandikwa PHONO, na ule waya mwembamba wa peke yake ufunge kwenye skrubu ya ethi, la sivyo itavuma usiku kucha.


Mzee wa Reli, Mbeya

Marahaba Dogo wa Uyole. Umesema kimekufa, ngoja nikuambie kilikotoka.

Mimi nimestaafu reli. Miaka ya sabini mwishoni, ukijulikana unafanya kazi kwenye treni ya kwenda Kapiri, majirani wanakuletea orodha: sabuni, mafuta ya kula, na chini kabisa, kwa mwandiko wa kijana wa nyumba hiyo, sahani. Hawakuandika jina la wimbo. Waliandika tu "za magitaa".

Ile miaka Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ya Zambia ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95. Vijana wa Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, walilelewa na rock ya Wazungu, sasa wakatakiwa watengeneze ya kwao, wakatengeneza. WITCH ya Emmanuel Chanda, tuliyemjua kwa jina la Jagari. Amanaz, waliotoa LP yao ya Africa mwaka 1975. Rikki Ililonga. Paul Ngozi, huyo aliimba kwa lugha za nyumbani na gitaa lake hukosei. Siku hizi wanauita Zamrock. Sahani nyingi za Zambia wakati ule zilitoka kiwanda cha Teal kule Ndola, ukiona neno Teal na Ndola kwenye karatasi ya katikati usiirudishe kwenye lundo. Kisha bei ya shaba ikaanguka, maisha yakabana, bendi zikafa moja moja. Jagari yupo, na WITCH wametoa albamu mpya 2023, wanazunguka Ulaya na Marekani wakipigia watoto wa umri wa wajukuu zangu.

Na kabla ya reli palikuwa na gramafoni. Wanyakyusa wengi wa kizazi cha baba yangu walikwenda migodini, wengine Copperbelt, wengine Afrika Kusini kwa Wenela, wale walioajiri watu wa migodini. Aliyerudi na blanketi na baiskeli alisifiwa. Aliyerudi na gramafoni ya kuzungusha mkono, kijiji kizima kilihamia kwake jioni. Ndipo sisi tukasikia gitaa la Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga, Kongo, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville mwaka 1952, akapiga Masanga kwa gitaa moja ukaapa wako wawili. Hizo ni sahani nzito za mizunguko 78, lebo ya Gallotone. Ninazo bado. Ikidondoka imekwisha, hakuna gundi.


Mlevi wa Sebene

Nimekaa pembeni na kahawa yangu ya Mbozi sina la kuongeza. Mzee wa Reli endelea tu. Na hiyo ya Amanaz kama unauza niko inboksi 😂


Baba Santuri

Mlevi acha tamaa 😂

Ila kaligusa jambo. Wakuu, zile sahani za Zambia za wakati ule, chapa ya kwanza, zinatafutwa na wakusanyaji wa nje kwa fedha nyingi sana. Kuna kampuni ya Los Angeles, Now-Again, imezichapa upya kadhaa, na imesaidia sana Wazungu wazijue. Kwa hiyo mtu akija kijijini na gari, anasalimia vizuri, anakununulia soda, anauliza kama marehemu mjomba aliacha santuri, wewe usikimbilie kumbebesha boksi. Kuuza si dhambi, ni mali yako. Ila kwanza jua una nini, angalia hali yake chini ya mwanga mkali, kava lipo au halipo, na unakili kilichomo kabla haijaondoka.

Dogo, kuhusu kufa: mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri milioni 41 na CD milioni 33, kwa hesabu za chama chao cha kampuni za muziki. Mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Kwa hiyo aliyetangulia kaburini ni yule aliyekuja kumzika mwenzake. Lakini sikuleti takwimu za Marekani ukazichukulia kuwa hoja yangu. Hoja yangu ni boksi la Vwawa.


Mama Kwaya, Tukuyu

Hamjambo wanangu na wadogo zangu. Nasoma kimya siku zote, leo imebidi niandike.

Mimi santuri sina, nina kaseti. Lipo sanduku la bati lililojaa. Zipo za kwaya yetu ya kanisani, tulirekodi kwa maikrofoni moja iliyofungwa kwenye fimbo ya ufagio katikati ya kanisa, sauti ya nne walisimama karibu na mlango kwa sababu walikuwa na kelele. Hatukuwahi kupeleka studio. Zipo za harusi za wadogo zangu. Na zipo tatu au nne za babu yetu akisimulia ukoo wetu kwa Kinyakyusa, alikaa na kaka yangu barazani, unasikia kuku na mvua. Babu ameshafariki, kaka naye.

Hapa kwetu mvua mnaijua, hata kiangazi unyevu haukauki. Nimefungua sanduku, nyingi zina kitu cheupe kwenye ukingo wa mkanda, ukichungulia kile kidirisha unaona kama unga. Redio kaseti yangu nayo inawaka taa lakini haizungushi. Kijana mmoja mjini aliniambia nizitupe, hakuna anayeweza kuzisafisha. Fundi, ni kweli?


Fundi wa Miyomboni

Mama, shikamoo. Usitupe hata moja, na usizipige bado. Narudia, usiingize kaseti yenye ukungu kwenye mashine yoyote unayoipenda. Ule unga utakaa kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na kwenye kigurudumu cha mpira, kisha utaugawa kwa kaseti nzima zote zitakazofuata.

Nisikilize polepole, na wengine wenye kaseti Rungwe na Makete chukueni hii.

Kwanza zitoe kwenye bati. Bati linafunga unyevu ndani. Ziweke wazi mahali pakavu penye kivuli, si juani, jua linakunja plastiki. Halafu zifunge kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mabegi, kusanya vingi uwezavyo. Ziache humo mpaka ule unga uwe mkavu, ndipo unakubali kufutika. Ukungu mbichi ukiufuta unaupaka.

Kufuta unafanyia nje, umefunga barakoa, maana huo ukungu ukiuvuta si mzuri kwa kifua. Geuza kaseti utazame pembe zake. Kama ina skrubu tano ndogo una bahati. Fungua ukiwa umeilaza mezani, usiiinue, kuna vigurudumu viwili na vikaratasi vyembamba vya kuteleza ambavyo vinapenda kurukia chini ya kabati. Futa kingo za bunda la mkanda kwa kitambaa laini kikavu, bila kugusa uso wa mkanda kwa vidole. Kama haina skrubu imeunganishwa kwa moto, hiyo tunapasua ganda taratibu kwa kisu kwenye ule mstari wa katikati na kuhamishia mkanda kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Nunua kaseti yoyote ya bei chee ya mahubiri au ya kujifunza Kiingereza, mradi ina skrubu, unaihamisha roho kutoka mwili mmoja hadi mwingine.

Angalia pia kile kisponji kidogo kilicho juu ya kibati cha shaba, katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake inazeeka, sponji linadondoka, na kaseti inatoa sauti ya mbali ya mtu aliye ndani ya pipa. Watu wanadhani mkanda umekufa. Sponji tu. Toa la kaseti nyingine, bandika.

Kabla ya kupiga, zungusha mkanda wote mbele na nyuma kwa kalamu ya risasi au Bic, bila haraka, ili tabaka zilizogandamana ziachie. Na vunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti kama bado vipo. Vikiwa vimevunjwa mashine haiwezi kurekodi juu yake hata mjukuu akibonyeza kitufe chekundu. Za babu zivunje leo hii kabla hujala.

Redio kuwaka bila kuzungusha, tisa kati ya kumi ni mpira wa ndani. Mpira wa zamani unayeyuka na kunata, weusi wake ukishika vidole hautoki kwa sabuni. Tunausafisha kwa spiriti, tunafunga mpya. Hiyo si kazi ya kukutoa machozi.

Na ukiona kaseti imeandikwa C120, hiyo mkanda wake ni mwembamba kuliko wa C60 na C90, ndivyo walivyopata saa moja kila upande. Hizo ndizo redio inazopenda kula. Zipige mara moja tu, ukiwa unanakili, basi.


Dada wa Makambako

Fundi Mungu akubariki, hii nai-seivu.

Mimi nilidhani uzi ni wa wazee tu. Nina kaseti za Bongo Fleva za mwanzo wa elfu mbili, za dukani, lakini ninazozipenda si hizo. Ninazozipenda ni zile mama alizorekodi redioni. Mnakumbuka? Umebonyeza REC na PLAY pamoja, PAUSE imeshikwa, unasubiri mtangazaji anyamaze. Hanyamazi. Anaongea juu ya gitaa la mwanzo. Ukisikia amevuta pumzi unaachia PAUSE, naye anarudi: "...na salamu hizi zimfikie shangazi wa Ilula." Mama alikuwa akimtukana yule mtangazaji kila wiki.

Sasa mimi ndiyo hizo salamu ninazozisikiliza. Kwenye moja kuna Tancut Almasi, bendi ya hapo hapo Iringa, ya kile kiwanda cha kuchonga almasi, wale mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wanaitikiana. Wimbo wenyewe unaupata mtandaoni bila shida. Lakini ule wangu una RTD ndani yake, saa inatajwa, salamu za watu wa Mafinga na Mufindi, betri inaanza kuisha kuelekea mwisho na Kasaloo anazidi kuwa mwembamba wa sauti. Anayejua hiyo kitu aitwe nani ili niitafute kwenye Spotify anisaidie.


Dogo wa Uyole

Dada umenipiga hapo. Hiyo ya redio nimekubali, hiyo haipo popote.

Ila ya santuri za Polydor na nini, bado nasema ni usumbufu, na nitaendelea kusema hivyo. Swali sasa, hizi kaseti za mama Kwaya na za huyu dada zinaingiaje kwenye kompyuta? Simu inatosha? Niweke spika karibu na simu nirekodi?


Baba Santuri

Usirekodi kwa spika, tafadhali, utarekodi na majirani.

Tundu la hedifoni la redio kaseti linatosha kabisa kwa kuanzia. Waya wa vichwa viwili, unatoka hapo unaingia kwenye kompyuta. Laptopu nyingi tundu lake ni la maikrofoni, linapokea sauti ndogo na mara nyingi upande mmoja tu, kwa hiyo nunua kile kidude cha USB cha kuingizia sauti chenye matundu mekundu na meupe. Programu tumia Audacity, ni ya bure. Kabla ya kuanza piga kwanza ile sehemu ya wimbo yenye kelele nyingi uone mshale haufiki mwisho. Sauti ikikatwa kichwa hapo hairudi tena kwa programu yoyote. Hifadhi kwa WAV au FLAC, faili zisizopunguza sauti. MP3 utengeneze baadaye kwa ajili ya WhatsApp, isiwe ndiyo nakala yako ya pekee.

Na kile kishhh usikikoshe chote. Programu ina kitufe cha kuondoa kelele, watu wanakivuta hadi mwisho, matokeo yake babu anaongea kutoka ndani ya maji. Acha kelele kidogo. Hifadhi ile isiyoguswa, cheza na nakala.

Jina la faili liandike mtu, mahali na mwaka kama unajulikana. Andika na kilichoandikwa kwa kalamu kwenye ganda, hata kama ni "USIFUTE HII, ANKO ATAKUJA JUU". Piga picha ya karatasi ya ndani pande zote mbili.

Tahadhari ya mwisho kutoka kwangu: kunakili kaseti yako ili isife ni jambo moja, kuipandisha mtandaoni ni jingine. Nyimbo za bendi zina wenyewe, tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Kwaya ya mama ni ya wanakwaya, waulize kwanza, wengi wao bado wako hai na watafurahi kuombwa.


Mama Kwaya

Nimevunja vijino vya kaseti za babu. Nimemwita binti yangu akasimama kushuhudia. Wale wa sauti ya nne waliobaki nitawauliza Jumapili, ingawa najua jibu lao, watataka nakala na watataka waambiwe walikuwa wanaimba vizuri.

Fundi, nitashuka Iringa mwezi ujao kwa mambo ya mtoto wa chuo, redio nije nayo?


Fundi wa Miyomboni

Njoo nayo mama, na waya wake wa umeme usiuache. Kaseti za babu zibebe mkononi, usiziweke buti la basi.


Mzee wa Reli

Fundi, nami niulize kabla uzi haujahamia kwa vijana. Zile sahani zangu za 78 zina vumbi la miaka. Mjukuu ameniletea spiriti ya kusafishia. Na gramafoni yenyewe nikizungusha mkono inakaza vizuri, lakini sauti inakwaruza kuliko zamani.


Fundi wa Miyomboni

Mzee, mjukuu mnyang'anye hiyo chupa sasa hivi! Sahani za 78 za kale hazikutengenezwa kwa plastiki hii ya LP, zina sheleki, na spiriti inayeyusha sheleki. Utafuta vumbi na Mwenda pamoja naye. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kufuata mzunguko, karatasi ya katikati isilowe, kausha papo hapo. Spiriti tunatumia kwenye hedi za kaseti.

Kukwaruza: sindano za chuma unabadilisha kila baada ya muda gani? Zile ni za kupiga upande mmoja na kutupa. Ncha yake inakwisha kwa kusuguana na sahani, ukiiacha ipige upande wa pili inaanza kuchimba. Na usijaribu kuzipiga hizo kwenye pleya ya kawaida kwa sindano ya LP hata kama ina 78, mfereji wake ni mpana karibu mara tatu, sindano ndogo inazama chini kwenye taka. Kama sindano za chuma zimekwisha nitumie picha ya kile kichwa cha gramafoni, nitazame zinazoingia ni za unene gani.


Mzee wa Reli

Kila upande? Mimi hii iliyopo aliiweka marehemu baba.